Je, Kila Kidonge Kisicholingana ni Bandia? Uhakiki wa Istilahi za Upimaji wa Dawa kwa Mwanga

Mwaka uliopita tuliletewa kutoka Mpanda kijitabu cha mafunzo kilichofasiriwa kwa Kiswahili, chenye kuwaeleza wakaguzi wa wilaya na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu namna ya kutumia kifaa kidogo cha mkononi kinachopima vidonge kwa mwanga, pasipo kuvivunja wala kuviyeyusha. Aliyetuletea ni mfamasia kijana wa Mkoa wa Katavi. Alikuwa ameambatanisha barua ya mistari mitatu akiuliza kama Kiswahili cha kijitabu hicho ni sanifu, na kama si sanifu, tukisanifishe. Ofisi iliyokitoa hatutaitaja, kwa sababu makosa tuliyoyakuta humo si ya ofisi moja. Ni yetu sote tunaofasiri sayansi kwa haraka, tukitazama neno la kigeni badala ya kukitazama kitu chenyewe.

Kabla hatujayajadili maneno, yafaa tukieleze kitu. Zaidi ya ncha nyekundu ya upinde wa mvua kuna mwanga ambao jicho la binadamu haliuoni. William Herschel aliugundua mwaka 1800, alipoupitisha mwanga wa jua katika mche wa kioo na kuweka vipimajoto kwenye kila rangi; kile alichokiweka nje ya nyekundu, mahali pasipoonekana rangi yoyote, ndicho kilichopanda zaidi. Sehemu ya mwanga huo iliyo jirani na nyekundu, yenye urefu wa wimbi tangu nanometa 780 hivi hadi 2500, ina tabia moja yenye manufaa. Ukimulika kwa mwanga huo kitu chenye viunganisho vya hidrojeni na kaboni, nitrojeni au oksijeni, kitu hicho hufyonza kiasi fulani na kurudisha kiasi kingine, na mchoro wa kile kilichorudi hutofautiana kutoka dawa moja hadi nyingine. Kifaa huulinganisha mchoro huo na michoro kilichohifadhiwa ndani yake. Kazi yote huchukua nusu dakika au pungufu. Aliyeijengea elimu hii misingi ya matumizi, Mmarekani Karl Norris, hakuanza na dawa hata kidogo. Alishughulika na nafaka, akitaka kujua unyevu na protini iliyomo.

Katika Tanzania mwanga huu si mgeni. Mwaka 2009 watafiti wa Ifakara pamoja na wenzao walitangaza kuwa waliutumia kutenganisha mbu wazee na mbu vijana, na aina mbili za Anofelesi zisizotofautiana kwa macho, wakapata jibu sahihi takriban mara 80 katika kila 100. Msomaji aliweke akilini neno hilo "takriban", kwani tutalirudia.

Mtu asiyeijua Katavi anaweza kuuliza kifaa kama hiki kina haja gani huko. Mpanda ilipata reli, tawi linalotoka Kaliua, kwa ajili ya madini ya risasi. Mgodi ulipofungwa reli ikabaki, na mji ukaendelea kuishi mwisho wa njia. Tangu mwaka 2012 ndio makao makuu ya mkoa. Lakini maabara za Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba ziko mbali, kama vile Dar es Salaam na Mwanza, na kidonge kinachotiliwa shaka Karema, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, au Mishamo, au Inyonga, kina safari ndefu kabla ya kupata majibu. Katika miezi ya masika safari hiyo huwa ndefu zaidi. Wakati majibu yanasubiriwa, kopo lililobaki dukani ama linauzwa ama linafungiwa, na vyote viwili vina gharama. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, dawa moja kati ya kila kumi ni duni au bandia. Kwa hiyo hatuna ugomvi na kifaa. Ugomvi wetu ni na Kiswahili kilichofungiwa pamoja nacho.

Tuanze na jina. Kijitabu kinauita mwanga huu "mionzi myekundu ya chini". Mfasiri amelivunja neno la kigeni vipande viwili, akavigeuza kimoja kimoja. Tokeo lake ni uongo maradufu: mionzi hii si myekundu, kwani sifa yake kubwa ni kutokuwa na rangi machoni petu, wala haiko "chini" mahali popote panapoonekana, isipokuwa kwa mtu anayezipanga rangi kwa marudio ya mawimbi. Herschel mwenyewe angesema iko ng'ambo. Kuna waliopendekeza kuiga mfano wa "urujuanimno", wakaunda "nyekundumno". Mfano huo hautufai. Katika urujuanimno kiambishi "mno" kimezoeleka kwa kuwa neno lenyewe ni la kitaalamu na halina mshindani. Bali "nyekundumno", kwa sikio la Mswahili, ni kitu chekundu kupita kiasi, kama damu au pilipili. Sisi twaona neno "infraredi", ambalo limekwisha kuzoeleka katika maandishi ya sayansi, libaki. Neno la mkopo lisilosema kitu ni afadhali kuliko neno la kienyeji linalosema uongo.

Zito zaidi ni neno "mionzi". Kamusini halina kosa. Lakini kwa wananchi wengi mionzi ni ile ya eksirei na ile ya kutibu saratani, na mtu akisimama mbele yake huvishwa vazi zito au huambiwa akae nje. Mfamasia wetu anaeleza kwamba katika mafunzo mama mmoja aliuliza iwapo kidonge kilichokwisha kupigwa mionzi kinaweza kumezwa na mjamzito. Swali lake lilikuwa la akili. Aliyeshindwa ni mfasiri. Kifaa hiki hakina cha kuogofya zaidi ya taa. Basi kiitwe kwa jina lake: mwanga. Tunapendekeza "mwanga wa infraredi", na elimu yenyewe iitwe "spektroskopia ya infraredi" katika vitabu, na "upimaji kwa mwanga" dukani. Kitu kimoja kuwa na jina la maabara na jina la barazani si upungufu wa lugha. Tangu mwishoni mwa mwaka 2006 dawa ya malaria yenye artemetha na lumefantrini imejulikana nchini kwa majina mawili: wataalamu wakiandika ALu, na nchi nzima ikisema "dawa mseto". Hakuna semina iliyohitajika kuelezea mseto kwa mtu aliyewahi kula wali uliopikwa na choroko.

Sasa tufike kwenye "kusawazisha". Kijitabu kinatumia neno hili kwa kazi mbili zisizofanana. Kazi ya kwanza ni ile ya kila asubuhi: mpimaji hukielekeza kifaa kwenye kigae cheupe ili kijue mwanga mwingi kabisa unaoweza kurudi. Kazi ya pili haifanywi Mpanda wala haifanywi kila asubuhi. Ni kukipa kifaa sampuli nyingi ambazo kiasi cha dawa kilichomo kimekwisha kupimwa maabarani kwa njia nyingine, ili kijifunze mchoro upi unaandamana na kiasi gani. Mkaguzi mmoja, baada ya kusoma kwamba kifaa kisiposawazishwa kitatoa majibu ya uongo, alitafuta meza iliyonyooka na kukilaza hapo kwa uangalifu mkubwa. Tunakiri tulicheka. Baadaye tuliona kwamba amesoma Kiswahili vizuri kuliko aliyekiandika, kwani kusawazisha ni kufanya kitu kiwe sawa, kama fundi afanyavyo msingi wa nyumba.

Kwa kazi ya kwanza haitakiwi istilahi. Iandikwe tu "pima kigae cheupe". Kazi ya pili ndiyo inayotaka jina, na hapa tulitafakari sana. Watu wa mizani wana "ulinganishaji": jiwe la kilo la mfanyabiashara hulinganishwa na jiwe la kilo la serikali. Lakini hapo ni jiwe kwa jiwe. Kilicho karibu zaidi na kazi yetu tunakiona kwa mnunuzi wa mahindi, Mpanda kama kwingineko, anayetia punje mdomoni na kuing'ata. Ikipasuka kwa mlio mkavu anaunyosha mkono kupokea gunia, ikibonyea anakataa. Meno yake hayakulinganishwa na chochote siku hiyo. Yamezoezwa na punje elfu za misimu iliyopita, ambazo baadaye alijua zipi zilioza ghalani na zipi zilidumu. Tena mpe mpunga wa Mpimbwe, ustadi wake wa mahindi haumsaidii. Na mpe aina ya mahindi asiyoijua, atakosea bila kujua kwamba amekosea. Kifaa cha mwanga ndivyo kilivyo. Kilichozoezwa kwa parasetamoli ya kiwanda kimoja kinaweza kuikataa parasetamoli nzuri ya kiwanda kingine, kwa sababu tu unga uliojazia kidonge ni tofauti. Ndiyo maana tumependelea "uzoezaji wa kifaa", na sampuli zile ziitwe "sampuli za kuzoezea". Wenzetu wa vipimo watanung'unika kwamba neno ni la shule na jeshi. Watuletee bora zaidi. La sivyo hatutaliacha, kwa sababu linamkumbusha mtumiaji kuuliza swali ambalo "kusawazisha" linalificha: kifaa hiki kilizoezwa kwa dawa gani?

Sura ya kijitabu kuhusu viwanda ni fupi, nasi hatutakaa nayo sana, maana Katavi haina kiwanda cha dawa. Inaeleza kwa usahihi kwamba mwanga huu unaweza kuwekwa kwenye pipa la kuchanganyia, ukaonyesha wakati ambapo mchoro umeacha kubadilika, yaani dawa na vijazio vimechanganyika. Na kwenye kikaushio, ukaonyesha unyevu uliobaki. Serikali ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuhimiza upimaji wa namna hii mwaka 2004. Kasoro ya sura hii ni msemo "kwa wakati halisi". Wakati usio halisi ni upi? Kiswahili kimekuwa na "papo hapo" tangu zamani.

Tumekutaja kulalamikia "halisi" kwa makusudi, kwani neno hilo pamoja na mwenzake "bandia" ndilo kiini cha makala haya. Katika ukurasa wa majibu kijitabu kinasema hivi kwa muhtasari: ikiwaka taa ya kijani, dawa ni halisi na salama, ikiwaka nyekundu, dawa ni bandia, iondolewe na muuzaji aripotiwe. Sentensi hizo ni nyepesi kukariri, na zote mbili si kweli.

Mwezi Mei 2017 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliyatenga makundi matatu ambayo kwa muda mrefu yalikuwa yakichanganywa. Kuna dawa iliyoruhusiwa, ikatengenezwa na mwenye kibali, lakini haikufikia kiwango. Kuna dawa ambayo haikusajiliwa katika nchi inamouzwa. Na kuna dawa iliyodanganywa kwa makusudi utambulisho wake, vilivyomo ndani yake, au mahali ilikotoka. Kwa Kiswahili makundi haya yana majina tayari: dawa duni, dawa isiyosajiliwa, dawa bandia. Tofauti ya la kwanza na la tatu haiko katika kidonge. Iko katika nia ya mtu. Nacho kifaa, hata kiwe cha bei gani, hakina uwezo wa kumulika nia.

Neno bandia lenyewe lina historia ya upole. Meno ya bandia si jinai, wala mguu wa bandia. Mwenye kuuvaa hamdanganyi mtu. Linapokaa karibu na noti au dawa ndipo linapogeuka kuwa mashtaka. Kuna wenzetu wanaopendekeza "dawa ghushi" ili maana ya hila isikike waziwazi, na tunaiona nguvu ya hoja hiyo, kwa kuwa kughushi ni neno la mahakamani na haliwezi kufanyika kwa bahati mbaya. Hata hivyo "bandia" limekwisha kuenea, na kulifuta si kazi inayowezekana kwa waraka. Tunachotaka ni kulifungia mahali pake: lisitamkwe mpaka uchunguzi umethibitisha udanganyifu.

Tuchukue mfano. Duka moja la dawa muhimu kijijini, paa la bati, mwezi wa Februari. Muuzaji amefungua kopo la vidonge vya parasetamoli vilivyosajiliwa, vilivyonunuliwa kwa stakabadhi, na kifuniko hakikukaza. Vidonge vimevuta unyevu. Maji hufyonza mwanga wa infraredi kwa nguvu, hasa karibu na nanometa 1450 na 1940, hivyo mchoro umehama. Mkaguzi anapima, taa nyekundu inawaka. Kwa Kiswahili cha kijitabu, mama huyu amekwisha kuwa mwuza dawa bandia mbele ya wateja waliopanga foleni, na kabla ya adhuhuri habari imefika kijiji cha pili. Majibu ya maabara yakija baada ya wiki kadhaa, yakisema dawa ilikuwa ya kiwanda kilekile ila imehifadhiwa vibaya, nani atakayezunguka kijijini kulirudisha neno? Maduka ya aina hii, yaliyoanzishwa Ruvuma mwaka 2003 kuchukua nafasi ya yale tuliyoyaita maduka ya dawa baridi, mara nyingi huwa moja tu katika kijiji. Likifungwa, mwenye mtoto mwenye homa atapanda bodaboda, au atanunua kwa mchuuzi wa mnadani ambaye hakaguliwi na mtu.

Wala taa ya kijani haituridhishi. Kidonge ambacho dawa yake ni sehemu ndogo sana ya uzito wote kinaweza kupita, maana unga wa kujazia ndio unaozungumza na mwanga. Kidonge chenye kiasi sahihi cha dawa lakini kisichoyeyuka tumboni kitapita pia. Kuandika "halisi na salama" ni kumpa mgonjwa ahadi ambayo kifaa hakikuitoa. Watafiti wa Ifakara walisema "takriban" kuhusu mbu. Sijui kwa nini sisi tuwe wakata maneno kuhusu dawa ya mtoto.

Kwa hiyo tumekirudisha kijitabu Mpanda kikiwa na ukurasa wa majibu ulioandikwa upya. Majibu yawe matatu: "imelingana", "haikulingana", na "haikupimika", hili la tatu likiwa la dawa ambayo kifaa hakikuzoezwa nayo. Chini ya "haikulingana" isomeke kwamba kopo litengwe, sampuli ipelekwe maabarani, na muuzaji apewe hati inayosema sababu bado haijajulikana. Mfamasia ameandika kurudisha jibu. Anasema wakaguzi wanalalamika kwamba "haikulingana" ni neno legevu, halimtishi mhalifu. Tumemjibu kwamba kumtisha mhalifu ni kazi ya polisi na hakimu, na kwamba neno la kipimo hupimwa kwa ukweli wake.

Limebaki neno moja ambalo hatukulimaliza. Kijitabu kinasema "infraredi ya karibu", na wauzaji wawili walielewa kwamba kifaa lazima kigusane na kidonge ndipo kifanye kazi. Ukaribu unaokusudiwa ni ule wa mwanga huu na mwanga uonekanao. Sisi tulipendekeza "infraredi jirani". Mwenzetu mmoja ofisini akauliza, jirani na nani? Hoja yake hatukuweza kuivunja, wala yeye hakuwa na neno lingine. Katika nakala iliyokwenda Mpanda "jirani" limeandikwa kwa penseli, na wasomaji wenye pendekezo waliletee Baraza kabla kijitabu hakijachapishwa upya.